Sehemu ya Kumi ya Boksi

Ofisi ile ya kutuma vifurushi ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ilikuwa na kaunta ya mbao iliyosuguliwa na viwiko vya watu hadi ikang'aa, mizani ya chuma sakafuni, feni iliyozunguka ikijisikia, na nyuma ukuta mzima wa maboksi yaliyosubiri gari. Na ilikuwa na dada wa mizani, ambaye mtaa wote ulimwita Bi Mizani, hata wale waliomzidi umri. Aliitika bila kinyongo, maana jina lenyewe alilitolea jasho.

Bi Mizani hakuhitaji kikokotoo. Mizani ya ofisi ilisema kilo, na kampuni ya ndege iliyobeba mizigo kwenda ng'ambo ilitaka ratili, kwa hiyo kila mzigo ulipaswa kupita kichwani mwa mtu kabla haujapita mlangoni. Kichwa chenyewe kilikuwa chake. Mteja akiweka nguo zake kwenye mizani, hajamaliza hata kujifuta jasho, tayari ameshaambiwa ratili zake. Watu walimpenda kwa hilo. Anayehesabu haraka huaminiwa upesi, na sijui ni nani aliyetufundisha ujinga huo.

Kanuni alifundishwa na Bosi siku alipoanza kazi, na Bosi alifundishwa na mtu aliyemuuzia ofisi. Ilikuwa hivi: chukua kilo, zidisha mara mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya boksi. Kilo kumi ni ratili ishirini, na mbili za boksi, ishirini na mbili. Huenda hapo zamani alikuwapo mtu aliyejua kwamba ile sehemu ya kumi si ya boksi hata kidogo. Kwamba kilo moja ni ratili mbili na kipande juu yake, iwe ndani ya boksi, iwe mkononi. Lakini mtu huyo labda alikuwa na haraka, au alimwona mwanafunzi wake mzito wa kuelewa, akaamua kumrahisishia: ongeza kidogo, tuseme ni ya boksi. Basi ikawa ya boksi. Ofisi nzima iliamini hivyo kama mtu anavyoamini jambo aliloambiwa utotoni, asilirudie tena kuliangalia.

Kwa hiyo aliyekuja na nguo mkononi alipimiwa, akazidishiwa, akaongezewa ya boksi. Aliyekuja na mzigo umeshafungwa, boksi na utepe juu, alizidishiwa mara mbili tu, maana boksi lake limeshapimwa, na kumwongezea tena ingekuwa dhuluma. Bi Mizani alijivunia haki hiyo. Kampuni ya ndege ilipolalamika kwamba mizigo fulani imezidi uzito ulioandikwa, Bosi alitikisa kichwa na kuguna.

"Wale wanapima boksi mara mbili," alisema. "Wezi, sema tu wamevaa tai."

Mizigo yenyewe ilikuwa nguo, viatu na vikorokoro vya harusi za watu. Kuzidi kwake hakukumnyima mtu usingizi, na kazi ikaendelea.

Bi Mizani alikuwa na mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hata alipoota ndevu. Kitinda alikwenda ng'ambo kupakua mizigo kwenye ghala, na huko huko akafa. Kifua kilimbana kwa muda mfupi tu, na nyumbani walikuwa bado wanabishana kama ni ugonjwa wa kutia hofu au ni baridi ya huko, simu ikalia. Kumrudisha kulihitaji fedha ambazo ukoo mzima usingezipata hata ungeuza vitanda. Akazikwa huko. Msibani hakukuwa na ndugu, alikuwapo rafiki yake tu, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyewatumia picha: udongo uliotuna, na mbele yake kigingi cha bati chenye namba.

Baba yao alikuwa mwashi. Nusu ya makaburi ya mji ule yalijengwa kwa mikono yake, ya matajiri na ya wasio na kitu, na wale wasio na kitu mara nyingi aliwajengea kwa ahadi. Aliitazama ile picha, akamrudishia binti yake simu, akatoka nje kuchanganya zege ambalo hakuna aliyeliagiza. Tangu siku hiyo kigingi hakikutajwa nyumbani.

Kilitajwa tena na yule rafiki, alipopiga simu jioni moja, sauti yake ikiwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Dada, nimeitwa na ofisi ya makaburi," alimwambia Bi Mizani. "Wanataka kusawazisha upande ule wote, upandwe nyasi. Penye jiwe lenye jina watapazunguka. Penye kigingi tu, kigingi kinang'olewa."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao mashine zinaingia. Na mimi mkataba wangu unaishia hapo hapo, naondoka. Nikishaondoka hakuna atakayejua kuwa alilala pale."

"Huko hakuna mawe?"

"Yapo. Foleni yake ni ya miezi, na bei sitaki hata kukutajia. Nyie tumeni jiwe, dada. Likinifikia kabla ya mwisho wa mwezi, nitalisimamisha kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo naahidi."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Hakumwacha binti yake arudie maneno.

"Jiwe nitalichonga mimi," alisema. "Niambie tu ndege inabeba uzito gani."

"Ratili sabini kwa kifurushi kimoja, baba. Ikizidi hata nusu hawachukui."

"Mimi na ratili hatujuani. Nipe kilo."

Bi Mizani alifumba macho kidogo, kama alivyozoea kaunta. Jiwe litapimwa likiwa ndani ya kreti ya mbao, kwa hiyo hakuna boksi la kuongeza. Sabini, gawa kwa mbili.

"Thelathini na tano," alisema. "Pamoja na kreti yake."

Baba aliichukua ile thelathini na tano akaenda nayo kazini. Alichagua bamba la jiwe la kijivu ambalo alikuwa amelihifadhi nyuma ya banda kwa miaka, akisubiri mteja anayelistahili, na mteja huyo hakuja. Alilikata na kulisugua, akalipiga msasa hadi likawa laini kama ubao wa kukandia unga. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote.

Kitinda alipokuwa mdogo hakuweza kupita penye saruji mbichi akaiacha salama. Baba akishalainisha sakafu ya watu na kugeuka kunawa mikono, mtoto keshachuchumaa, anabonyeza kidole gumba pembeni, kimoja baada ya kingine, safu nzima. Alichapwa kwa hilo mara zisizohesabika, na kila alipochapwa alilia kwa uaminifu wote, kesho yake akarudia. Kwenye kizingiti cha nyumba yao safu moja ilibaki, kwa sababu siku hiyo mama alimshika baba mkono asiifute. Sasa baba alipiga magoti kwenye kizingiti kile, akapima vile vibonyeo kwa kijiti, akaenda kuvichonga kuzunguka jiwe lote, pembe hadi pembe, kwa ukubwa ule ule. Mama alitoka jikoni akatazama. Alitia kidole chake kwenye kibonyeo kimoja, akakiacha humo kwa muda, halafu akarudi kwenye sufuria zake.

Kabla ya kuanza herufi, baba alilipakia jiwe na kreti tupu kwenye mkokoteni, akalipeleka ofisini kupima. Mizani ilisema kilo thelathini na nne.

Baba alizunguka mizani mara moja, mikono nyuma, kama anavyozunguka ukuta uliojengwa na fundi mwingine.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Herufi sijachonga bado. Nikitaka kulipunguza mgongo ni sasa. Nikishachonga, mgongo haugusiki tena, litapasuka. Nilitoe kilo mbili tatu, tuwe salama? Ni kazi ya asubuhi moja."

"Acha, baba. Nafasi ipo. Thelathini na nne mara mbili ni sitini na nane. Tuna ratili mbili mkononi."

"Una uhakika?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, baba."

Alisema hivyo huku akicheka kidogo, kwa upole wa mtoto anayemtoa mzazi wasiwasi. Na Bosi, aliyekuwa akifunga boksi pembeni, aliunga mkono bila kuulizwa.

"Mzee, huyu binti yako akisema sitini na nane, hata malaika wakija na mizani yao watakuta sitini na nane."

Baba akaridhika. Kwa nini asiridhike? Yeye mwenyewe watu walikuwa wakimwuliza kama ukuta utasimama, akawajibu kwa maneno mawili, wakahamia ndani na watoto wao. Alilirudisha jiwe nyumbani, akachonga majina yote matatu ya mwanawe, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na chini akaacha nafasi ambayo hakusema ni ya nini. Siku ya kulituma Bi Mizani aliandika lebo kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: jina la rafiki, mtaa wake, na uzito, ratili sitini na nane. Gari likaja, kreti ikapakiwa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mama aliimba akifua.

Ukaanza msimu wa kuulizana.

"Limefika?" mama alimwuliza Bi Mizani kabla hata hajavua viatu.

"Liko njiani, mama."

"Njiani wapi?"

"Juu kwa juu, mama. Limepakiwa."

"Hawatalidondosha?"

"Limeandikwa kila upande kwamba ni jiwe."

Rafiki naye alipiga simu kwamba amepata mfuko wa saruji na koleo, na amejaribu kuchimba kidogo kuona udongo wa huko ukoje. Baba alimwelekeza jinsi ya kulisimamisha, kina gani, na maji kiasi gani, na kwamba asiliegemee kabla halijashika. Waliongea kwa muda mrefu kama watu wanaofanya kazi moja. Alipokata simu, baba alisema yule kijana ana akili, na akasema tena wakati wa kula.

Asubuhi moja Bi Mizani alifungua kompyuta ya ofisi kufuatilia mizigo, akaona kwamba kreti imezuiliwa. Ilikuwa kwenye ghala la ng'ambo, mahali ambapo mizigo hupitishwa juu ya mashine, na mashine hiyo haina mtu wa kuiambia habari za msiba. Sababu iliandikwa kwa neno moja: imezidi. Na pembeni, uzito: ratili sabini na tano.

Alisoma tena, akaenda kumwita Bosi, na Bosi akasoma akiwa amekunja uso.

"Si nilisema," Bosi alisema. "Wamepima boksi mara ya pili. Hesabu mwenyewe. Sitini na nane, na sehemu yake ya kumi, karibu saba. Jumla sabini na tano. Hawa watu hawana haya."

Na kweli hesabu ilikaa sawasawa, hadi Bi Mizani akapata nguvu kidogo. Kumbe ni kosa lao. Kosa lao linaweza kusahihishwa. Bosi alipiga simu, akangojeshwa, akapigiwa muziki, mwishowe akapata mtu, na akaanza kumweleza kwa sauti kwamba boksi halipimwi mara mbili popote duniani. Bi Mizani alisimama karibu akitazama uso wake. Aliona ukibadilika polepole, kutoka hasira kwenda mshangao, halafu ukawa uso wa mtu anayeona aibu mbele ya simu.

"Anasema hakuna boksi," Bosi alisema alipokata. "Anasema mashine imesoma kreti peke yake, mara moja. Anasema kilo yenyewe ndiyo iko hivyo."

"Iko hivyo vipi?"

"Sijui. Mbili na kitu."

Bi Mizani alichukua mkoba wake akatoka mchana kweupe, wateja wakiwa kwenye foleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alikuwa amekumbuka kitu alichokiona maisha yake yote bila kukitazama.

Nyuma ya nyumba yao, chini ya banda, baba aliweka mifuko ya saruji. Bi Mizani alikulia juu ya mifuko ile. Alijifunzia kusoma juu yake, akasukwa nywele amekaa juu yake, akamlilia mchumba wake wa kwanza akiwa ameiegemea. Aliinama kwenye mfuko wa juu akapangusa vumbi kwa kiganja. Uliandikwa kwa herufi kubwa: kilo hamsini. Na chini yake, kwa herufi ndogo za bluu zilizofifia: ratili mia moja na kumi.

Hamsini mara mbili ni mia moja. Na kumi. Lakini mfuko wa saruji hauna boksi.

Aliupangusa wa pili, na wa tatu, kama vile huenda mmoja wao ungemhurumia. Yote ilisema vile vile.

"Unatafuta nini kwenye saruji, mwanangu?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, nyundo mkononi. Bi Mizani angeweza kumdanganya. Angeweza kusema ni wezi wenye tai, na baba angeamini hadi kaburini. Alilifikiria hilo, nisimsingizie wema asiokuwa nao wakati ule, lakini maneno yalimtoka yenyewe.

"Ile sehemu ya kumi si ya boksi, baba. Ni ya kilo. Kila kilo ina yake. Sabini si thelathini na tano. Sabini ni kama thelathini na moja na kidogo hivi. Jiwe limezidi. Wamelizuia."

Baba alitazama mfuko, ingawa herufi zile ndogo macho yake hayakuweza kuzisoma.

"Kwa hiyo ningelipunguza kilo tatu, lingepita."

"Lingepita, baba."

"Nilitaka kulipunguza."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema niache."

"Nilisema."

Baba aliweka nyundo chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Bi Mizani alisubiri. Alitamani kofi, alitamani hata lile tusi ambalo baba huwatukania vibarua wavivu. Baba alimpangusa vumbi la saruji begani, akauliza kama mama ameshajua, akaambiwa bado.

"Basi usimwambie kuhusu hesabu," alisema. "Mwambie tu limekwama njiani."

Walijaribu yote yaliyoweza kujaribiwa. Bi Mizani alipiga simu ghalani ng'ambo akaomba wavunje kreti, walifunge jiwe kwenye blanketi, uzito upungue. Akajibiwa kwamba mzigo ukishazuiliwa haufunguliwi, unarudi ulikotoka, na kurudi kwake si kwa ndege, ni kwa meli. Aliomba hata wakate kona ya jiwe. Mtu wa upande wa pili alisema kwa upole kwamba anasikitika sana, na Bi Mizani akajua kwa upole ule kwamba mlango umefungwa. Rafiki alikwenda hadi ghalani mwenyewe, akaonyesha picha ya marehemu, wakampa kiti akae na maji anywe. Jiwe hawakumpa. Alipigilia ubao wenye jina pembeni ya kigingi. Aliporudi akakuta umeng'olewa na kuegemezwa vizuri kwenye ua, maana huko hata kung'oa wanang'oa kwa adabu. Baba alishika tindo akaanza jiwe jingine, dogo, lakini hata hilo likamalizika likiwa halina ndege ya kuliwahisha. Mwezi ulikuwa umekwisha.

Simu ya mwisho ya rafiki ilikuja akiwa kituoni na mizigo yake. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakitangaziwa safari.

"Wamemaliza jana," alisema. "Nilikwenda asubuhi. Nilidhani ningepajua kwa ule mti wa pembeni, nikahesabu hatua kama nilivyozoea. Dada, sikupajua. Ni nyasi tu, zimesawazishwa zote."

"Ofisini wanasemaje?"

"Wanasema jina lipo kwenye kompyuta. Mahali ndipo hapapo tena. Hata jiwe likija, hawaruhusu kusimamisha chochote kwenye nyasi."

Bi Mizani alimshukuru. Alimtakia safari njema, na rafiki akaomba asamehewe, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba hakuna kosa, mpaka safari yake ikatangazwa. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, hakuuliza tena kama limefika. Hakuuliza siku hiyo wala nyingine yoyote, na nyumba ikawa na ukimya ambao Bi Mizani aliuchukia kuliko yale maswali.

Kazini aliendelea kwenda. Angekwenda wapi? Bosi alibandika ukutani karatasi yenye hesabu sahihi, kubwa, kwa kalamu nyekundu, na hakusema tena habari za wezi. Wateja hawakuona tofauti yoyote, ila mmoja mmoja alilalamika kwamba Bi Mizani siku hizi amekuwa mzito. Alikuwa akihesabu kwa kikokotoo, kisha kwa karatasi, kisha kwa kikokotoo tena. Jozi ya viatu vya mtoto ilimchukua muda ambao zamani angemaliza nao foleni nzima. Waliokuwa na haraka walianza kwenda kwa wakala wa barabara ya pili.

Jiwe lilirudi baada ya mvua kuanza na kuisha. Kreti ilikuwa imebandikwa lebo juu ya lebo, na juu ya zote neno lile lile, imezidi. Bi Mizani hakuifungua. Alimpigia baba simu, baba akaja na mkokoteni, akaichukua bila kukaa.

Siku zilizofuata alipotoka kazini alisikia tindo tangu mwanzo wa uchochoro. Hakwenda nyuma ya nyumba kutazama. Mama naye hakwenda. Walikula wawili, wakamwekea baba chakula chake chini ya sahani, na mlio ule mdogo uliendelea, wa mtu anayepiga kidogo kidogo kwa sababu jiwe lina herufi na hataki lipasuke.

Halafu asubuhi moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, mkokoteni ulisimama nje ya ofisi. Baba aliingia na kreti kifuani. Watu walimpisha. Aliiweka kwenye mizani mwenyewe, akasimama upande wa wateja, kofia mkononi.

"Pima," alisema.

"Baba."

"Pima, mwanangu. Watu wanasubiri."

Kifuniko hakikuwa kimepigiliwa. Bi Mizani alikiinua kidogo ili aone. Majina matatu yalikuwapo, na miaka, na ile nafasi tupu chini. Vile vidole gumba havikuwapo. Mgongo ulikuwa haugusiki tena, baba alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo, na pa kupunguza palikuwa pamebaki pale tu, ukingoni. Alikuwa amevitoa kimoja kimoja kuzunguka jiwe lote, na ukingo ulikuwa umepigwa msasa, umenyooka, kama wa jiwe la mtu yeyote.

Bi Mizani alishusha kifuniko. Mizani ilisema thelathini na moja.

"Ratili ngapi?" baba aliuliza.

Mkono wa Bi Mizani ulikwenda kwenye kikokotoo, ukarudi. Alihesabu kwa mdomo, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Mara mbili ni sitini na mbili. Na sehemu yake ya kumi, sita na kidogo. Sitini na nane."

Ilikuwa ile ile sitini na nane aliyoiandika siku ile. Baba aliijua, akaitikia kwa kichwa.

"Linapita?"

"Linapita, baba."

"Hata kwa ile mashine yao?"

"Hata kwa mashine yao."

"Basi andika."

Bi Mizani alichukua lebo mpya na kalamu. Aliandika uzito kwanza, kwa sababu huo aliujua. Kisha akafika kwenye mstari wa mpokeaji, na kalamu ikasimama. Rafiki alikuwa amehama, chumbani kwake anakaa mtu mwingine, na namba ya kigingi ilikuwa namba ya nyasi.

"Niandike anapokea nani, baba?"

Baba aliangalia lebo. Watu wa foleni, ambao nusu yao alikuwa amewajengea makaburi ya wazazi wao, waliangalia chini.

"Andika jina lake," alisema.

Akaandika. Alipoinua macho kuuliza mji na mtaa, baba alikuwa ameshavaa kofia yake, yuko mlangoni, anaushika mkokoteni mtupu. Hakusubiri stakabadhi. Bosi alikuja, akasoma lebo, akaibeba kreti kutoka kwenye mizani, akaiweka mbele ya kaunta, upande wa mlango, ambako gari halipakii.

Ipo pale hadi leo. Wateja wasiojua huweka mifuko yao juu yake wakisubiri zamu.